Zuchu na Urithi wa Fumbo

Zuhura Othman, ajulikanaye kwa jina la Zuchu, alipojitokeza katika Bongo Fleva mwaka 2020, wengi wetu tulimtambua kwanza kuwa ni binti wa Khadija Kopa, mwimbaji mashuhuri wa taarab. Lakini jina la mzazi hufungua mlango tu, haliimbi. Basi tuupimeje utunzi wake? Katika wimbo wa “Sukari” wa mwaka 2021, mpenzi amefanywa sukari, kama taarab ilivyozoea kumfanya ua au asali. Hata hivyo, fumbo la taarab hukua ubeti kwa ubeti hadi msikilizaji alifumbue mwenyewe. Hapa limetajwa wazi, kisha likakaririwa ili watu wacheze. Sauti amekwisha kuirithi. Subira ya fumbo, kwa maoni yetu, ingali deni lake, na deni la muziki mzima wa vijana wetu.