Zege Lisilo na Nondo Chini ya London

Waacheni wengine wasifie treni! Reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa London Mei 2022, inajulikana kwa treni zake za zaidi ya mita 200 na kwa jinsi inavyolikata jiji kwa dakika chache. Mimi nimeshuka stesheni ya Tottenham Court Road kwa mara ya kwanza, na treni ikaondoka bila hata mimi kuitupia jicho. Kuta! Kuta na dari! Zege jeupe lililotulia linapanda upande mmoja, linapita juu ya kichwa na kushuka upande wa pili, lote limepinda, huoni ncha wala pembe. Umezikwa chini kabisa ya jiji lenye watu milioni tisa, na kifua hakibani.

Na zege lenyewe si lile tunalolijua. Fundi wa kwetu ukimwambia hapa hakuna kokoto wala nondo, atauliza basi kinachoshikilia ni nini. Ni nyuzi za kioo! Saruji, mchanga laini, maji, na nyuzi fupifupi za kioo zilizotapakaa mwili mzima wa paneli. Nondo ni lazima ifunikwe na zege la kutosha isije ikashika kutu, ndiyo maana kuta zetu hunenepa. Kioo hakijui kutu. Kwa hiyo paneli ya aina hii huweza kuwa na unene wa milimita 10 hadi 15 tu, ikapinda utakavyo, na watu wachache wakaibeba na kuifunga mahali pake ndani ya handaki.

Haikuwa rahisi kufika hapa. Saruji ina alkali kali, na alkali hiyo hula kioo cha kawaida polepole hadi nyuzi zinakufa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti A. J. Majumdar na wenzake, katika kituo cha utafiti wa majengo cha Uingereza, walipata kioo chenye zirkonia ambacho kinaistahimili alkali hiyo. Kampuni ya Pilkington ikakiingiza sokoni. Kila ninapoukumbuka ugunduzi huo napata hamu ya kuugusa tena ukuta!

Nimeugusa, ndiyo. Ni wa baridi kidogo, mkavu, hauna ule mng'ao wa vigae unaorudisha taa machoni. Uso unaouona ndio uliolala kwenye kalibu kiwandani: paneli kama hizi hutengenezwa kwa kupuliziwa, bomba moja likikata nyuzi na kuzirusha pamoja na uji wa saruji, kisha mafundi hupitisha rola kulikandamiza tabaka kabla ya kupulizia jingine. Mafundi wetu husema zege halilali. Hapa limepewa nafasi ya kukomaa kwa utulivu kiwandani, na utulivu huo unaonekana kwenye kila kiungo: mstari mwembamba ulionyooka, na jirani yake vivyo hivyo, mpaka mwisho wa jukwaa.

Lakini simama pale njia ya abiria inapokutana na jukwaa. Hapo ndipo nilipobaki nimeduwaa. Badala ya kona ya kukata, njia inapanuka kama mdomo wa tarumbeta. Unawaona wanaokuja kabla hamjagongana, umati unageuka bila kusimama, na hakuna pembe ya mtu kujificha usiku. Ukisogea karibu zaidi utaona vitundu vidogo kwenye paneli. Sauti inapenya humo na kumezwa na kifyonzaji kilicho nyuma, ndiyo maana tangazo nililisikia neno kwa neno, tena saa ya msongamano! Nyuma hukohuko zimepita nyaya na mitambo, na ndiko lilipo handaki lenyewe la zege zito.

Halafu kuna moto. Novemba 1987 moto uliozuka kwenye ngazi za umeme za mbao katika stesheni ya King's Cross uliua watu 31. Tangu hapo, kinachobandikwa ukutani chini ya ardhi ya London ni suala la uhai. Zege hili haliungui.

Nina nung'uniko moja. Bond Street, Tottenham Court Road, Farringdon, Liverpool Street na Whitechapel, ukiwa chini jukwaani, zinafanana mno. Wasanifu walikusudia hivyo, kampuni ya Grimshaw na wenzao, wakiacha kila stesheni ijitofautishe karibu na lango lake la juu. Naielewa hoja yao. Bado natamani mstari mmoja wa rangi. Hata hivyo, tuzo ya usanifu majengo ya Stirling ya 2024 waliyopewa kwa reli hii ilikuwa haki yao kabisa, na ningewapa ya pili kwa ajili ya zile kona tu.

Msafiri wa kutoka Nairobi anayetua Heathrow hana haja ya kuuliza njia, kwani reli hii inafika uwanjani. Panda, lakini usishukie Paddington kwanza. Stesheni ile ilichimbwa kutokea juu kama shimo kubwa, na sura yake ni nyingine kabisa. Kaa kitako mpaka Bond Street.