Ala Husomwa kwa Nyuma

Mpe mtu singe ya zamani, ataichomoa kwanza atazame makali. Mjuzi huiweka singe kando akaanza na ala, tena upande wa nyuma, kule kwenye mshono. Singe hupigwa mihuri ya mwaka na mtengenezaji, kwa hiyo mwenye kitabu kizuri ataisoma. Ala ndiyo inayomtaka mtu awe na subira.

Chukua singe ya Uingereza ya muundo wa 1907, iliyofungwa kwenye bunduki fupi za Lee-Enfield katika vita vyote viwili vya dunia. Bapa lake lina urefu wa takriban sm 43. Ala yake ni ya ngozi, yenye vyuma viwili: kimoja mdomoni, kingine nchani. Chuma cha mdomoni kina kishikizo kilichotokeza nje, kinachoinasa ala kwenye kibebeo cha mkandani isiteleze. Ndani yake mna springi bapa zinazoibana singe isichomoke askari akikimbia.

Vipande hivyo vichache ndivyo vinavyotaja umri. Kwenye ala za mwanzo kabisa, chuma cha ncha kilifichwa ndani ya ngozi. Kisha kikatolewa nje, kikawa kofia inayoonekana. Kishikizo cha awali kina umbo la tone la maji. Cha baadaye ni mviringo. Sasa ukikuta singe yenye kulabu kwenye kikingio, mtindo ulioachwa mwaka 1913, nayo imelala ndani ya ala yenye kishikizo cha mviringo, mjuzi huvuta kiti akakaa.

Hukaa kwa sababu jeshi halikutunza vitu vyake kwa ajili ya makumbusho. Singe za kulabu ziliporudi karakana, nyingi zilikatwa kulabu hizo. Mwaka 1916 singe mpya zilianza kutobolewa tundu kwenye kitako cha mpini ili uchafu upate pa kutokea, na za zamani zikatobolewa vilevile zilipoletwa kutengenezwa. Ngozi nayo huchoka kabla ya chuma, kwa hiyo singe moja iliweza kuvaa ala zaidi ya moja. Australia ilitengeneza ala za kwake, na baadhi zina mhuri wa mtengenezaji, Mangrovite, kwenye ngozi. India, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyafupisha mabapa ya singe hadi takriban sm 30, na ala zikakatwa kuyafuata. Anayeiona ala fupi akadhani imeharibiwa huenda ameshika kazi halali ya karakana ya jeshi.

Ustadi wenyewe basi ni kutenganisha mkono wa fundi wa jeshi na mkono wa mchuuzi wa juzi. Chuma kilichokaa na ngozi muda mrefu huacha alama yake: ngozi hubonyea chini ya ukingo, na kutu hupenya humo ikaacha doa jeusi lisilofutika. Kofia ya ncha ikilegea na kusogea kidogo, hapo chini huonekana ukanda wa ngozi ambao haukuwahi kuona jua. Kofia iliyopachikwa majuzi haina ukanda huo, au inao wa kofia nyingine, mrefu kuliko yenyewe. Tundu la pini lisilo na pini linasema palikuwa na chuma kingine hapo. Kishikizo kilichobebeshwa uzito kwa miaka hulika upande mmoja. Kilichozeeshwa kwa msasa hulika sawasawa kote.

Kazi hii haitaki kemikali. Inataka taa ya kumulika kutoka ubavuni, lenzi na rula. Anayeng'arisha kabla ya kutazama amefuta ushahidi kwa mkono wake.

Ninachowastahia wajuzi hawa ni kukubali kwao kitu kibaki bila kulingana. Mchuuzi hutafuta kishikizo cha tone akipachike, seti ionekane kamili. Wao huiacha ala ilivyo na kuandika kwenye lebo: singe ya kabla ya 1913, kulabu imekatwa, ala ya baadaye, matengenezo ya jeshi. Bei itashuka kidogo, na mnunuzi atajua hasa alichonunua.