Walemavu wa Kisangani Katika Sinema

Wengi wetu tukisikia neno sinema tunawaza bastola na ngumi. Leo nataka kusema juu ya sinema ya namna nyingine, kazi ya mwana wa nchi yetu, Bwana Dieudo Hamadi, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984.

Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana wao kwa wao ndani ya mji ule, ambao wazee waliuita Stanleyville. Mamia ya raia waliuawa. Wengine walipoteza miguu na mikono. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilihukumu kwamba Uganda ina wajibu wa kulipa fidia. Miaka ikapita, walemavu wasione kitu. Ndipo kundi lao lilipopanda chombo na kushuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai haki yao, naye Bwana Hamadi akafuatana nao na kamera yake. Picha hiyo, *En route pour le milliard*, maana yake Njiani kuelekea miliari, ilichaguliwa mwaka 2020 na tamasha la Cannes, ya kwanza kutoka Kongo.

Sisi wa Kalemie tunajua maana ya kulala chomboni juu ya mizigo, mvua ikinyesha. Lakini kusafiri hivyo kwa mikongojo! Wala mtengenezaji hatuhubirii. Hakuna sauti ya pembeni inayotuambia tulie. Walemavu wanagombana, wanacheka, wanaimba, wanapatana tena. Hapo ndipo nguvu ya kazi yake: hawa si maskini wanaongoja sadaka, ni watu wenye madai.

Katikati ya safari ametia mchezo wa jukwaani, wanaoucheza ni walemavu wenyewe. Mwanzoni niliona unaikata safari bure. Baadaye, walipozuiwa mbele ya Bunge, nikaelewa: jukwaani tu ndipo walipopata kusema mpaka mwisho.

Wengine watapenda zaidi picha yake ya mwaka 2017, *Maman Colonelle*, juu ya mama wa polisi anayelinda wanawake na watoto. Ni nzuri kweli. Ila mle yumo shujaa wa kutuliza moyo wa mtazamaji. Katika safari ya mtoni hayumo.

Februari 2022 Mahakama ilikata hesabu: dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 kwa ajili ya watu waliodhuriwa, si wa Kisangani peke yao. Wale wa chomboni walikuwa wakitaja miliari.