Enameli Isiyokomaa: Uchambuzi wa Meno ya Kahawia ya Bonde la Ufa

Madoa ya kahawia menoni ni jambo la kawaida katika vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru, na vilevile katika sehemu kadhaa za Bonde la Ufa upande wa Kenya. Wasiojua chanzo chake huyadhania kuwa ni uchafu au athari ya tumbaku, ilhali mswaki hauwezi kuyaondoa, kwa kuwa kasoro yenyewe huingia katika jino kabla halijachomoza kwenye ufizi. Ili kuelewa inavyoingia, ni lazima kwanza kutazama jino linavyojengwa.

Jino la binadamu lina kiini laini chenye mishipa ya damu na neva, kilichozungukwa na matabaka magumu. Enameli hufunika taji, yaani sehemu inayoonekana mdomoni. Dentini, iliyo chini yake, ndiyo sehemu kubwa ya jino. Na simenti, tabaka jembamba, hufunika mzizi na kushika nyuzi zinazoufunga mzizi huo kwenye taya. Yote yana madini ya aina moja, haidroksiapatiti, ambayo ni fuwele za kalisi na fosfeti, lakini kwa viwango tofauti: madini ni takriban asilimia 70 ya uzito wa dentini, ambayo pia ina kolajeni, protini ya nyuzinyuzi inayoizuia isivunjike kwa urahisi, wakati katika enameli hufikia asilimia 96. Dentini huendelea kutunzwa na seli zilizo ukingoni mwa kiini, na inaweza kuongezewa tabaka jipya hata utuuzimani. Enameli haina seli hata moja, hivyo haijengwi upya.

Seli zilizoijenga, ziitwazo ameloblasti, hufanya kazi yao kwa awamu mbili wakati jino lingali ndani ya taya. Katika awamu ya kwanza hutoa utando wa protini, sehemu kubwa ikiwa amelojenini, ambamo fuwele nyembamba sana huanza kurefuka. Tabaka huongezeka kwa takriban mikromita 4 kwa siku, na hatua hizo huacha mistari inayoweza kuhesabiwa kwa hadubini. Awamu ya pili ni ya ukomavu: vimeng'enya huikatakata protini ile, mabaki yake huondolewa, na fuwele hunenepa hadi kujaza nafasi iliyoachwa. Jino linapochomoza, ameloblasti huwa zimekwisha kufa, na lolote lililobaki bila kukamilika hubaki hivyo.

Hapo ndipo madoa ya kahawia yanapoanzia: floraidi ikizidi mwilini huvuruga zaidi awamu hiyo ya pili. Uondoaji wa protini huchelewa, fuwele hazinenepi ipasavyo, na chini ya ngozi ya nje iliyokomaa vizuri hubaki enameli yenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Jino la namna hiyo huchomoza likiwa na weupe wa chaki, halafu rangi ya chakula na vinywaji hupenya polepole na kuleta ukahawia. Katika hali kali, ngozi ile ya nje humeguka wakati wa kutafuna na kuacha mashimo. Ndiyo maana kupima ukali wa tatizo kwa ukahawia peke yake hupotosha. Mwaka 1978 watafiti Thylstrup na Fejerskov, waliochunguza meno ya watoto wa maeneo ya Tanzania yenye floraidi nyingi, walipendekeza kipimo cha ngazi 0 hadi 9 kinacholinganisha mwonekano wa jino na hali ya enameli chini ya hadubini, na kipimo hicho kinatumika hadi leo.

Chanzo cha floraidi hiyo ni miamba ya volkeno. Maji yanayopita humo huyeyusha floraidi, na kwa kuwa mara nyingi yana kalisi kidogo, hakuna cha kuifanya igande na kutuama. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini katika miaka ya 1970 Tanzania ililazimika kuruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, uamuzi unaoeleweka pale ambapo chanzo kingine hakikuwepo, ingawa gharama yake ilibebwa na watoto. Magadi yanayotumiwa kulainishia maharage nayo huongeza kiasi kinachoingia mwilini.

Floraidi hiyohiyo, ikiwa kidogo na ikilifikia jino kupitia mate au dawa ya meno, huingia kwenye fuwele za juu na kuzifanya zistahimili zaidi asidi ya bakteria. Mvuto huo kati ya floraidi na haidroksiapatiti ndio uliotumiwa katika machujio ya mkaa wa mifupa yaliyotengenezwa Ngurdoto, mkoani Arusha, na Nakuru nchini Kenya: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo, hubaki madini yaleyale ya jino, na maji yakipita humo floraidi hunaswa. Mkaa huo hushiba, hivyo lazima ubadilishwe au usafishwe kabla floraidi haijaanza kupita tena. Na kwa meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, chujio lina manufaa kamili likianza kutumika mtoto akiwa mchanga, maana mataji yake huwa yamekamilika afikapo miaka 8 hivi.