Majina katika Hati za Ardhi za Virginia: Kitabu cha Nugent na Watafutao Wahenga

Kitabu cha Nell Marion Nugent kiitwacho Cavaliers and Pioneers kilipigwa chapa mjini Richmond mwaka 1934, na juzuu mbili zilizokifuata zilitolewa mwaka 1977 na 1979. Juzuu hizo tatu zakusanya vifupisho vya hati za kumilikishwa ardhi katika koloni la Virginia, tangu mwaka 1623 hadi 1732. Kwa Wamarekani watafutao wahenga wao wa zama za ukoloni, huu ndio mlango wa kwanza kupigwa hodi. Msomaji wa jarida hili aweza kuuliza kwamba jambo hilo latuhusu nini sisi. Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kitabu hiki ni kitabu cha majina, na jina ni neno kabla halijawa ushahidi. Pili, katika koloni lile walikuwamo watu waliochukuliwa kutoka Afrika, na wengi wa wale wa kwanza walitoka upande wa Angola, ambako husemwa lugha za ukoo mmoja na Kiswahili.

Yafaa kueleza kwanza jinsi hati hizo zilivyopatikana. Tangu mwaka 1618 Kampuni ya Virginia iliweka kanuni ya haki ya kichwa: kila aliyelipa nauli ya mtu kuvuka bahari alistahili eka 50 kwa kichwa hicho. Aliyeleta watu kumi alidai eka 500, na mara nyingi majina ya hao kumi yaliandikwa chini ya hati yake. Kwa hiyo hati moja yaweza kutaja mwenye shamba, jirani zake, vijito vya mpakani, na watu ambao kwa ajili yao ardhi ilitolewa. Watu hao wengi walikuwa watumishi wa mkataba wasio na kitu, na pengine jina lao halikuandikwa mahali pengine popote. Bibi Nugent, aliyekuwa mtunzaji wa hati hizo, aliyasoma madaftari kwa subira kubwa akayatoa majina yale gizani. Kazi hiyo yastahili shukrani, nasi tuisemayo hatuipunguzii heshima.

Hata hivyo, jina la kitabu lapotosha. Hao cavaliers walikuwa wafuasi wa Mfalme Charles wa Kwanza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, na wajukuu wengi wa Virginia wapenda kuhesabiwa katika ukoo wao. Lakini aisomaye orodha kwa macho yake ataona kwamba walio wengi humo ni vichwa vilivyohesabiwa ili mwingine apate eka. Kichwa cha kitabu chasifu waliopokea ardhi. Kurasa zake zajaa wale ambao ardhi ilipokewa kwa ajili yao.

Kosa la pili ni la wasomaji zaidi kuliko la mwandishi. Wengi huikuta hati ya mwaka fulani, wakaona jina la babu, wakaandika kwamba babu alifika mwaka ule. Hati haisemi hivyo. Haki ya kichwa iliweza kuwekwa miaka mingi kabla ya kudaiwa. Iliweza kuuzwa na kununuliwa kama bidhaa. Na kichwa kimoja kiliweza kudaiwa mara mbili, na nahodha na kisha na mwenye shamba. Mwaka wa hati ni mwaka wa kudai, si mwaka wa kutua.

Na tutazame mfano mmoja. Tarehe 24 Julai 1651 Anthony Johnson alipewa eka 250 katika wilaya ya Northampton kwa vichwa vitano. Asomaye hati hiyo peke yake hatajua kwamba mtu huyu alikuwa Mwafrika, aliyefika Virginia mwaka 1621 akiitwa Antonio. Habari hiyo yapatikana kwa kuiunganisha hati na madaftari ya mahakama, kama walivyofanya T. H. Breen na Stephen Innes katika kitabu chao cha mwaka 1980, "Myne Owne Ground". Jina Johnson lilimficha. Aliyetafuta wahenga weusi kwa kutazama majina ya kigeni tu, alimpita bila kumwona.

Katika vichwa vile vitano limo jina la Richard Johnson. Anthony alikuwa na mwana aitwaye Richard. Je, baba alimdai mwanawe, au huyu ni mwingine? Orodha haiwezi kuamua. Limo pia jina Jno. Gesorroro, na wapo wataalamu wanaomdhania kuwa John Casor, ambaye mahakama iliamua mwaka 1655 kwamba arudishwe kwa Johnson. Hapa mwanafunzi wa lugha za Kibantu atashawishika. Ataona silabi zilizo wazi, atasikia irabu mwishoni, na mara atamtafutia mtu huyo kijiji cha Angola. Namsihi ajizuie. Kireno nacho kina maneno ya sura hiyo, na karani Mwingereza aliyeandika kwa kusikia aliweza kuligeuza jina lolote. Silabi wazi si cheti cha kuzaliwa.

Lakini pana mahali ambapo neno latoa ushahidi wake vyema. Ukoo wa Johnson ulihamia Maryland, ambako ilikuwa desturi kulipa kila shamba jina katika hati. Mwaka 1677 John Johnson, mjukuu wa Anthony, alinunua eka 44 akaziita Angola. Neno hilo latokana na ngola, cheo cha wafalme wa Ndongo katika Kimbundu, ambacho Wareno walikigeuza kuwa jina la nchi. Jina la mtu hupewa na baba, au na bwana, au na karani. Jina la shamba, huchagua mwenye shamba. Kwa hiyo neno hili moja lina uzito kuliko silabi zote za Gesorroro: mjukuu alijua, au alitaka ijulikane, babu alitoka wapi.

Na hati zilezile zilizompa zilimnyang'anya. Mwaka 1670, baada ya Anthony kufa, wazee wa baraza Virginia waliamua kwamba ardhi aliyoiacha huko irudi kwa Mfalme, kwa hoja kwamba alikuwa mtu mweusi na kwa hiyo mgeni. Kitabu cha vifupisho vya hati za kupewa hakitoshi kuonyesha hayo.

Tusidhani kwamba somo hili ni la Wamarekani peke yao. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 katika pwani ya Kenya iliwataka watu wadai mashamba yao kwa maandishi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Atafutaye babu katika madai hayo atamwona aliyekwenda kudai. Asiyekwenda hakuwa na karani wa kumwandika. Na atakapokuta jina la Mabruki au Feruzi, akumbuke Antonio: jina alilopewa mtumwa laonyesha mkono wa aliyempa kabla ya kuonyesha nchi alikotoka.

Basi kitabu cha Nugent na kisomwe, tena kwa bidii, ila kisisomwe peke yake. Anayekitumia aweke kando ya kila jina daftari la mahakama, hati ya jirani na wosia. Ukoo usiothibitishwa na hati mbili zinazokubaliana bado ni dhana, hata ukipigwa chapa kwa herufi nzuri.