Manyani wa Shaaban Robert si wa watoto tu

Utotoni niliisoma Adili na Nduguze (1952) kwa uchu wa majini na manyani. Juzi nimeirudia nikimsomea binti yangu. Akanisaili, “Baba, mbona anawachapa na anawahurumia?” Nikakosa jibu. Kumbe hapo ndipo ulipo moyo wa hadithi: Adili anashurutishwa kila usiku kuwapiga manyani ambao ni ndugu zake waliogeuzwa. Nina dukuduku moja. Mhusika akiitwa Hasidi au Mwivu, msomaji amekwisha kumhukumu kabla hajatenda lolote. Hata hivyo, huruma ya Adili yaipinga hukumu hiyo. Wanaodai kuwa fantasia ni ya watoto, hebu wakisome tena kitabu hiki, kando yao ameketi mtoto mwenye maswali.