Banda la Hershel na Makaburi ya Basotu

Tamthilia ya The Walking Dead ilionyeshwa katika televisheni ya Marekani kuanzia Oktoba 2010 hadi Novemba 2022, misimu 11 kwa jumla, na ni michache kati yake iliyowagawa watazamaji kama msimu wa pili. Msimu huo una sehemu 13, na karibu wote umekaa mahali pamoja: shamba la mzee Hershel Greene, daktari wa mifugo wa Georgia. Wanaoulaumu husema kwamba mtoto Sophia anapotea msituni katika sehemu ya kwanza, naye anatafutwa hadi ya saba. Katikati yake watu wazima wanateka maji, wanaangalia ng'ombe na kugombana barazani, ilhali wafu, ambao ndio waliowavuta watazamaji, wanaonekana kwa nadra. Kwa hesabu ya dakika, lawama hiyo haina uongo.

Hutajwa pia kuwa Frank Darabont, aliyeileta hadithi hii kwenye televisheni, aliondolewa Julai 2011 kabla msimu haujaonyeshwa, na mahali pake pakashikwa na Glen Mazzara. Mambo ya ofisini huenda yakaeleza kwa nini watu walibaki shambani muda mrefu. Hayaelezi waandishi walilitumiaje shamba hilo, na hapo ndipo uhakiki mwingi ulipokoma mapema.

Kiswahili kina neno litakalofaa hapa. Kizuka ni kitu kinachotokea ghafla kikatisha watu; na kizuka ni mjane aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, ametengwa na pirikapirika za watu. Lugha imemweka anayetisha na aliyefiwa katika jina moja, na sidiria ya maana hizo mbili haikatiki kwa urahisi.

Hershel anaishi ndani ya neno hilo. Bandani mwake amemfungia mkewe Annette, mtoto wa kambo Shawn, na majirani kadhaa, wote wamekwisha kufa na kuinuka. Anawaita wagonjwa. Wanalishwa kuku waliovunjwa miguu ili wasikimbie. Msomaji wa pwani atakumbuka masimulizi ya misukule, wafichwao na kulishwa pumba. Ila msukule ana mwenyewe aliyemdhulumu, na ana ndugu wanaomlilia wakidhani wamemzika. Wafu wa sinema za Marekani, tangu ile filamu ya George Romero ya 1968, aghalabu hawana mwenyewe wala ndugu. Ni umati wa kupigwa risasi za kichwa. Msimu wa kwanza uliligusa jambo hili kwa Morgan, mume aliyeshindwa kumfyatulia mkewe, kisha ukapita. Msimu wa pili ulikaa nalo.

Uzito wa kukaa huko huonekana vyema zaidi mtu akilitazama shamba la Hershel kutoka Manyara, katika wilaya za Hanang na Mbulu, ambako swali la shamba na wafu wake si la kubuni. Kwa Wabarabaig, mzee mwenye heshima akifa hujengewa bung'eda, kaburi la udongo linaloinuliwa hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa, mbele ya jamaa na wageni wengi. Kaburi hilo hubaki mahali pa kuzuriwa na kizazi baada ya kizazi, na jamii ya wafugaji isiyokuwa na hati za ardhi huisoma nchi yake kwa makaburi hayo. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilipanua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu hadi yakakaribia ekari 100,000. Matrekta yakalima malisho, na yakalima makaburi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Shauri likaishia Mahakama ya Rufani mwaka 1985 kwa ushindi wa shirika. Malisho yaliyopotea yaliweza kuhesabiwa kwa ekari. Makaburi hayakuwa na safu yao katika daftari la mradi.

Ndivyo anavyozungumza Shane, rafiki wa kiongozi Rick, anapovunja mlango wa banda katika sehemu ya saba. Hoja yake ni ya matrekta: mahali pawe salama, pawe na manufaa, na kilichomo ndani hakina jina. Risasi zinalia, Hershel amepiga magoti, na mtazamaji aliyelalamika majuma saba kwamba hapigwi mfu amepewa alichokitaka. Kisha anatoka wa mwisho, naye ni Sophia. Rick anamfyatulia. Kama msako ungekwisha katika sehemu ya pili, risasi hiyo ingekuwa moja tu kati ya nyingi. Tena katika vitabu vya katuni vya Robert Kirkman, vilivyoanza 2003, Sophia hafi. Waandishi wa televisheni waliamua afe, na waliamua atafutwe kwanza.

Waliofuatilia habari za Katesh, baada ya tope la Mlima Hanang kushuka tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80, wanajua kwamba kumtafuta mtu hakuendi kwa kasi ya hadithi.

Sehemu ya nane ni ya mazishi. Yanachimbwa makaburi matatu, ya Sophia, Annette na Shawn. Waliobaki wanachomwa moto. Carol, mama wa mtoto, anakataa kuhudhuria. Wairaqw wa Mbulu walikuwa na desturi ya metimani, ambayo nyumba iliyopatwa na baadhi ya vifo ilitengwa kwa muda mrefu, isishirikiane chakula na majirani. Ilikuwa desturi nzito, na uzito wake uliwaelemea zaidi wanawake. Hata hivyo ilikiri kwamba kifo hakitoki nyumbani siku ya maziko. Wenzake Carol hawana desturi yoyote ya kumpa, na msimu unaionyesha aibu yao bila kuisemea.

Kasoro zipo. Ajali ya gari ya Lori, mke wa Rick, ni hila ya kusogeza kisa. T-Dog, mwanamume mweusi pekee katika kundi, hakupewa maneno ya kutosha kujaza ukurasa. Mzee Dale anauawa usiku uleule aliotetea uhai wa mateka, jambo lililopangwa waziwazi mno. Pamoja na hayo, sehemu ya mwisho, Machi 2012, ilitazamwa na Wamarekani wapatao milioni 9, wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Waliochoshwa na shamba walikuwa hawajaondoka.

Usiku huo kundi kubwa la wafu linavamia, banda linateketea, na Hershel anasimama mbele ya nyumba yake akipiga bunduki, hataki kuondoka. Rick anamvuta kwa nguvu hadi garini. Makaburi matatu, ambayo udongo wake haujakauka, yanabaki na wafu wanaopita juu yake.